Uzi: Mazabodi ndogo ya kompyuta ya sebuleni. Tazama mgongo wake (upande wenye poti) kabla hujauliza "core i ngapi"

#1 Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Habari za jioni wanajamvi.

Nipo Mwanga, Kigoma mjini, natengeneza kompyuta. Nafungua uzi huu kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuja dukani kutafuta mashine ndogo ya kuchomeka kwenye TV, na swali la kwanza huwa ni lile lile la daraja la prosesa ya Intel: "Ni core i ngapi?" Kwa kazi ya picha na sauti swali hilo linawapotezea watu hela. Limenipotezea na mimi, tena juzi tu.

Kuna mama wa Ujiji ana ukumbi mdogo nyuma ya nyumba yake. Jioni watu wanatazama mpira, wikiendi familia zinakuja kutazama video za harusi zao kwenye skrini kubwa. TV ni ya inchi 55, 4K. Alitaka mashine isiyopiga kelele, ikae chini ya TV isionekane. Nikaagiza Dar mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na RAM) ya umbo dogo la Mini-ITX iliyotumika, chipseti (chipu inayosimamia bodi) H310, pamoja na prosesa ya Core i5 kizazi cha 8. Mzigo ukaja kwa basi. Nilipoufungua nilifurahi kweli, maana kwa kazi ya kucheza video ile prosesa ina nguvu kuliko inavyohitajika.

Nikafunga, nikawasha, menyu safi. Nikaweka mechi. Kila kamera ilipomfuata winga pembeni picha ilikuwa inajikwaa: inakwenda, inasita, inaruka. Nikabadilisha programu ya kuchezea. Nikaongeza RAM. Nikafuta Windows nikapiga upya. Siku nne zimekwenda, mama anapiga simu asubuhi na jioni, na mimi bado nawaza ni prosesa mbovu.

Siku ya tano nikaingia kwenye mipangilio ya skrini nikasoma namba ambayo ningeisoma siku ya kwanza: hezi 30, yaani skrini inapokea picha 30 tu kwa sekunde.

Poti ya HDMI kwenye bodi nyingi za H310, na hata H410 zilizofuata, ni toleo la 1.4. Toleo hilo linapitisha 4K kweli, muuzaji hakudanganya, ila linaipitisha mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo linalofikisha 4K mara 60. Prosesa za Core za mezani za kizazi cha 6 mpaka cha 10 hazikuwa na HDMI 2.0 ndani yake. Mtengenezaji wa bodi alipaswa kuongeza chipu ya pembeni inayogeuza mawimbi ya DisplayPort (aina nyingine ya poti ya picha) kuwa HDMI 2.0, na kwenye bodi za bei ya chini chipu hiyo kwa kawaida haipo. Kizazi cha 11 ndicho kilichokuja nayo ndani kwa ndani.

Sasa mpira wa Ulaya hurushwa kwa mwendo wa 50 kwa sekunde. Ukizilazimisha picha 50 zipite mlango wa 30, nyingine zinaachwa njiani, tena haziachwi kwa mpangilio. Ndiyo ule mkwamo. Video ya harusi ya kamera ya kawaida, picha 25 kwa sekunde, haikuonyesha shida, na ndiyo maana nilizunguka sana.

Dawa ya haraka kwa aliyekwisha kununua: shusha skrini iwe 1080p, weka hezi 50 kwa mpira au 60 kwa matumizi ya kawaida. Picha inatiririka pale pale. Mtu aliyekaa mita tatu kutoka kwenye TV atauona mpira ulionyooka kabla hajaona kwamba 4K imeondoka.

Kwa asiyezijua bodi hizi: Mini-ITX ni mraba wa sentimita 17 kwa 17, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Matundu yake manne ya skrubu yanakubaliana na kasha la kawaida la ATX, kwa hiyo huna haja ya kusubiri kasha dogo. Hata lile la zamani lililolala stoo linaipokea. Ila udogo una gharama yake. Bodi kubwa ikikosa kitu unaongeza kadi. Hii kwa kawaida ina nafasi moja tu ya kadi na nafasi mbili za RAM, wakati mwingine moja. Kilichopo mgongoni siku unayonunua ndicho utakachoishi nacho. Kwa hiyo omba picha ya mgongo wa bodi, omba namba kamili ya modeli, kasome karatasi yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, ndipo utume hela.

Jambo jingine dogo lakini linaumiza: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina sehemu ya picha. Ukiiweka kwenye bodi, poti ya HDMI ya bodi inakuwa pambo. Na Ryzen, prosesa za AMD, nyingi za soketi AM4 ni vivyo hivyo, unatafuta zenye herufi G.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2 Nyuki wa Sikonge (Tabora)

Asante fundi, uzi umekuja wakati wake. Mimi nipo Tabora mjini, nina kompyuta ya ofisi ya mtumba, Core i5 kizazi cha 4, RAM 8. Muvi za zamani inacheza bila shida. Lakini dada yangu alinitumia video ya kipaimara aliyopiga kwa simu mpya, ikafunguka kama picha za kubandika ukutani, prosesa ikapanda mpaka asilimia 100. Nimeambiwa niongeze RAM ziwe 16. Nifanye hivyo?

#3 Fundi wa Mwanga

Usinunue RAM mkuu. Hela hiyo itunze.

Video hufungashwa, na namna ya kufungasha inaitwa kodeki. Fikiria gunia la dagaa pale Kibirizi: likishindiliwa vizuri linabeba mwingi, lakini wa kulifungua naye lazima awe na mikono. H.264, kodeki ya mwaka 2003, ni gunia jepesi kufungua na karibu kila mashine inaliweza. HEVC ya mwaka 2013 imeshindiliwa zaidi, na simu nyingi mpya zinarekodi kwa hiyo. VP9 ni ya YouTube. AV1 ilikuja 2018, imeshindiliwa kuliko zote hizo, na YouTube wanaitumia pia.

Ndani ya prosesa kuna kisehemu maalumu cha kufungua magunia haya. Kodeki ikiwa kisehemu hicho kinaijua, prosesa yenyewe inabaki imetulia na mashine haipati moto. Ikiwa hakiijui, kazi yote inaangukia viini vya kawaida, na hapo ndipo ile asilimia 100 inapotoka. Kizazi cha 4 kinaijua H.264, HEVC hakiijui. Kizazi cha 6 kilianza kuifungua HEVC ya biti 8 (kina cha rangi). Kizazi cha 7 kikaongeza biti 10 pamoja na VP9, na simu zinazorekodi kwa rangi pana za HDR hutumia biti 10. AV1 kwa Intel inaanzia kizazi cha 11. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ambayo watu wanaipenda sana inafungua HEVC na VP9, ila AV1 haiwezi. Mfululizo wa 7000 wa mezani unaiweza.

Kwa hiyo i3 ya kizazi cha 7 itacheza ile video ya kipaimara kwa utulivu kuliko i7 ya kizazi cha 4. Ndiyo sababu nakataa swali la "core i ngapi" likija peke yake.

Kwa sasa ifungue kwa VLC, ina kifunguaji chake na haidai nyongeza ya kulipia kama kichezaji cha Windows kinavyodai kwa HEVC. Haitakupa nguvu usiyokuwa nayo, lakini kwa video ya 1080p itasukuma. Ya 4K, igeuze iwe H.264 ya 1080p usiku ukiwa umelala.

#4 Binti wa Kasulu

Fundi samahani, naomba niulize bila kukukatisha tamaa. Kwa nini mtu asinunue tu TV boksi akachomeka HDMI, kazi ikaisha? Mbona hii ya mazabodi ni safari ndefu?

#5 Fundi wa Mwanga

Dada swali lako ni la haki. Kama haja yako ni YouTube na muvi za kwenye flashi, nunua boksi, na mimi mwenyewe nitakufungia.

Mama wa Ujiji alikuwa na haja nyingine. iPhone ikirekodi 4K kwa picha 60 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 400 kila dakika. Saa moja ni gigabaiti 24. Harusi ya saa tatu, kutoka mlangoni kwa bibi harusi mpaka keki, inapita 70. Weka harusi 20 uone. Hapo unahitaji poti za SATA za diski kubwa, na boksi haina. Bodi ndogo nyingi zina SATA mbili mpaka nne, pamoja na nafasi ya M.2, ya diski bapa inayochomekwa juu ya bodi, ya kuwekea mfumo endeshi.

Kwenye M.2 tahadhari kidogo. Umbo ni moja lakini lugha ni mbili: kuna diski za SATA, mwisho wake ni karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na za NVMe, ambazo hata za toleo la tatu la PCIe zinafika 3,500. Kuna bodi zinapokea NVMe pekee. Ukichomeka ya SATA inaingia vizuri, skrubu unafunga, na baiosi (programu ya bodi inayowasha mashine) haiioni. Kwa kucheza video tofauti ya kasi hutaiona kwa macho, kwa hiyo nunua ile bodi yako inayoikubali, basi.

Tena bodi inatengenezeka. Boksi likifa linatupwa. Kwetu huku hilo si jambo dogo.

#6 Mtoto wa Gungu

Mimi shida yangu ni sauti. Nimeunganisha mashine na ampu kwa waya wa tundu la kijani. Kuna mvumo, mmmmm, hata muziki ukiwa umezimwa. Nikiligusa kasha unapungua. Nimebadilisha waya mara tatu. Nikachomeka spika ndogo za kompyuta, mvumo hakuna. Chipu ya sauti ni mbovu?

#7 Fundi wa Mwanga

Jirani, chipu ni nzima. Hizo spika ndogo zimekwisha kukupa jibu.

Kompyuta na ampu zote zinakula umeme wa ukutani, kila moja kwa njia yake. Waya wa sauti ukiziunganisha, ile nyaya ya nje ya waya inafanya mzunguko kati ya ardhi ya mashine hii na ardhi ya ile. Umeme wa hezi 50 unazunguka humo na ampu inaukuza. Nyumba nyingi zetu soketi hazina ardhi ya kweli. Kile kipini cha tatu kipo, nyuma yake hakuna kitu. Anza hapo. Chomeka kompyuta, ampu na TV kwenye ekstensheni moja, soketi moja. Mara nyingi mvumo unapungua sana.

Usiisha, tafuta mgongoni mwa bodi tundu la mraba lenye kifuniko kidogo, ukiwasha linatoa mwanga mwekundu. Hiyo ni sauti ya macho, S/PDIF. Sauti inapita kama mwanga kwenye uzi wa plastiki, na mwanga haubebi umeme, kwa hiyo ule mzunguko unakatika kabisa. Bodi ndogo nyingi tundu hilo wameliondoa ili kubana nafasi. Baadhi zimebakiza pini juu ya bodi zilizoandikwa SPDIF_OUT, unaweza kuongeza kibati chake. Kama hakuna, pitisha sauti kwa HDMI mpaka kwenye TV, kisha itoe TV kwa tundu lake la macho. Sauti ya HDMI hutoka kwenye sehemu ya picha ya prosesa na haipiti kwenye chipu ya sauti ya bodi, ya Realtek, kwa hiyo usilipie zaidi bodi yenye chipu ya Realtek ALC1220 kama sauti yako yote itapita HDMI. Ukitumia matundu ya rangi kwenda kwenye ampu nzuri, hapo sawa, ALC1220 ina faida juu ya ALC897.

Ampu nyingi za huku hazina tundu la macho, utahitaji kile kiboksi cha kugeuza kwenda nyaya nyekundu na nyeupe. Kinatumia volti 5. Watu wanakiwasha kwa USB ya kompyuta hiyo hiyo, mvumo unarudi, wanasema kiboksi ni feki. Ukikiwasha kwa USB ya kompyuta umeziunganisha ardhi upya kwa mlango wa nyuma. Kipe chaja ya simu.

#8 Mtoto wa Gungu

Fundi, ekstensheni moja imeondoa kama robo tatu ya mvumo. Sikuamini. Kesho natafuta kiboksi. Mungu akuzidishie.

#9 Mstaafu wa Reli (Tabora)

Hongereni vijana. Mimi ni mtu mzima, nauliza la umeme. Kwetu unakatika na kurudi, mara nyingine mara tatu kwa jioni moja. Kuinama kila mara kuiwasha mashine iliyo nyuma ya kabati magoti hayataki. Na nina sola ya volti 12 nyumbani, naweza kuitumia?

#10 Fundi wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa, maana sisi Kigoma tumekua na jenereta za mafuta kabla ya kuungwa na gridi ya Taifa, na mashine nyingi nilizotengeneza ziliuawa na umeme unaokwenda na kurudi.

Magoti kwanza. Ingia kwenye baiosi kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka, tafuta sehemu ya usimamizi wa umeme, kuna mstari unaohusu umeme unapokatika na kurudi, huandikwa AC Power Loss au maneno ya karibu na hayo. Uweke kwenye Power On. Umeme ukirudi mashine inawaka yenyewe, huigusi. Hapo hapo kagua betri ya bodi, ile ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3. Ikichoka, kila umeme ukikatika mashine inasahau mpangilio huo na tarehe inarudi nyuma miaka. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi zinakataa kufunguka na mtu analaumu mtandao. Betri hiyo utaipata hata kwa wauza saa.

Sola sasa. Bodi ya kawaida inataka pawa saplai yenye plagi ya pini 24, inayotoa volti za aina tatu kuu, kwa hiyo sola ya 12 haiingii moja kwa moja. Lakini zipo bodi ndogo zenye tundu la duara kama la laptopu. ASRock N100DC-ITX ni mojawapo, inakula volti 19. Prosesa yake ni Intel N100, viini vinne, imepangiwa joto la wati 6, wakati i5 nyingi za mezani zimepangiwa 65. Haina feni, ina kipande cha alumini tu juu ya prosesa. Kwa sola yako unaweka kifaa cha kupandisha 12 kwenda 19, ambacho ni chaja ya laptopu ya kwenye gari, na inverta huihitaji kabisa. Angalia tu chaja hiyo iwe na wati za kutosha, maana diski kubwa huvuta zaidi inapoanza kuzunguka.

Kutokuwa na feni ni neema kwa nyumba za kando ya ziwa, vumbi na unyevu ndivyo vinavyoua feni mapema. Ila usiifungie kwenye kabati bila tundu. Alumini bila hewa ni jiko.

#11 Nyuki wa Sikonge

Hiyo N100 inafungua AV1? Na nimesikia ina RAM moja tu.

#12 Fundi wa Mwanga

Inafungua AV1, HEVC na VP9. RAM ni nafasi moja kwa sababu prosesa yenyewe ina njia moja ya kumbukumbu, Intel wanaitambua mpaka gigabaiti 16. Kwa michezo mizito na kuhariri 4K hiyo ni kasoro, sitaificha. Prosesa inayotumia sehemu ya picha ya ndani hula RAM hiyo hiyo, na DDR4 ya 3200 inatoa gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa njia moja, 51.2 kwa mbili. Mhariri wa video achukue bodi ya njia mbili na ajaze nafasi zote mbili. Wa kutazama tu, moja inatosha.

#13 Binti wa Kasulu

Naomba la mwisho. Nikikutana na vile vikompyuta vidogo vya ofisini vya mtumba, havina HDMI, vina DisplayPort mbili. Niviache?

#14 Fundi wa Mwanga

Usiviache dada. DisplayPort 1.2 inapitisha 4K kwa hezi 60, hata kwenye kizazi cha 6 ambacho HDMI yake ingeishia 30. Unachohitaji ni adapta inayogeuza kwenda HDMI 2.0, ile yenye chipu ndani, wauzaji huiita "aktivu". Ya bei ndogo isiyo na chipu itakurudisha 30. Kwa mashine nyingi za mtumba hii ndiyo njia yenye afya kuliko poti ya HDMI yenyewe. Ila ujue bodi za ofisini mara nyingi zina umbo na plagi za umeme za kwao wenyewe, zikifa huwezi kuhamishia bodi nyingine kwenye kasha lile. Na chini ya kizazi cha 8 Windows 11 haikubali rasmi, huku Windows 10 ikiwa imeachwa na Microsoft Oktoba 2025. Kwa mashine ya TV pekee weka Linux yenye Kodi (programu ya kuchezea video kwenye TV), inatosha sana.

#15 Mtoto wa Gungu

Na ule ukumbi wa Ujiji fundi? Umetuacha njiani.

#16 Fundi wa Mwanga

Nimetoka huko usiku huu. Mama nimemfungia ile ya N100, gharama ya bodi nimeibeba mwenyewe kwa sababu kosa la kutosoma mgongo lilikuwa langu. 4K kwa hezi 60 ya kawaida, mpira nimeupangia 50, sauti inatoka TV kwa uzi wa macho mpaka kwenye ampu yake. Umeme ulikatika dakika za katikati ya kipindi cha pili. Ulivyorudi, TV ikawaka, mashine ikawaka yenyewe, na watu walikuwa bado hawajainuka kwenye mabenchi.

Ile bodi ya H310 na i5 yake iko mezani kwangu hapa Mwanga, nimeijaza RAM mbili, nakatia video za harusi. Monita yangu ni ya 1080p.